Kipimo cha Vitamini, na Macho ya Karani

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa Temeke na Kinondoni



 Sisi si madaktari, wala hatukusomea uganga. Sisi ni makarani kama ninyi, na kazi yetu ni daftari, barua na hesabu. Lakini karani mwema ajua kusoma yaliyoandikwa na wenye elimu, kuyapanga, na kuyapeleka mahali yanapohitajiwa. Kazi hiyo ndiyo tuliyoifanya katika jambo hili la vitamini. Basi mtusikilize kama mnavyomsikiliza karani asomaye taarifa, wala msitudhanie kuwa twatoa dawa.

Huenda mtu akauliza: Je, chama cha watumishi wa Serikali kina shauri gani na mchicha na dagaa? Mambo yetu si mishahara, na nyumba, na likizo, na kupandishwa vyeo? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu kwa kisa kimoja.

Katika mtaa wetu, upande wa Temeke, alikuwako kijana mmoja, mtoto wa mtumishi mwenzetu. Alitembea barabarani pasipo kujikwaa, alicheza mpira, na mtu aliyetoka mbali alimtambua kwa mwendo wake. Lakini alipofunua kitabu, neno alilolielekea lilimpotea, akabaki akiona maneno ya pembeni tu. Ubaoni hakuweza kunakili hata mstari mmoja. Mwalimu wake alidhani ni mvivu, akamwadhibu. Baba yake alidhani ni upungufu wa kawaida wa macho, akamnunulia miwani. Miwani isifae kitu. Hata alipofikishwa kwa waganga wa macho wakaona kwamba jicho lenyewe ni zima, ila mshipa wa fahamu uchukuao habari kutoka jichoni hata ubongoni umenyauka upande mmoja. Mshipa wa namna hiyo ukisha kufa haufufuki. Kijana yule alitamani sana kuwa karani kama baba yake. Hakuwa.

Basi, mabwana, karani ana mali gani ila macho yake? Fundi seremala ana randa, mvuvi ana wavu, nasi tuna macho mawili na mkono mmoja wa kuandikia. Jambo liwezalo kuyaondoa macho ya watoto wetu, na huenda na yetu, ni jambo la chama hiki kama vile mshahara ulivyo jambo lake.

Tena ugonjwa ule haukuwa wa nyumba moja. Tangu mwaka 1988 waganga wa macho wa Dar es Salaam walianza kuona vijana wengi wakija na taabu ile ile: macho yote mawili kwa pamoja, kuona kwa katikati kumeharibika, na rangi zimefifia. Baadhi yao walilalamika pia kwamba nyayo zao zafa ganzi au zawaka kama zimekanyaga makaa. Katika miaka ya 1997 na 1998 habari zao zilichapishwa katika majarida ya uganga ya ng'ambo, na wanafunzi wa shule za msingi za mji huu walipimwa macho ili ijulikane ugonjwa umeenea kiasi gani. Hivyo mji wetu ukaingia katika vitabu vya waganga wa dunia kwa sifa ambayo hakuna aliyeiomba.

Wakati ule ule, mbali sana na hapa, katika kisiwa cha Cuba, lilitokea jambo la kufanana nalo. Kati ya mwaka 1991 na 1993 watu zaidi ya 50,000 walipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu, wengine machoni, wengine miguuni, na wengine kotekote. Biashara ya kisiwa kile na Urusi ilikuwa imevunjika, chakula kikawa haba, na watu walikuwa wakila wanga na sukari huku nyama, maziwa na mboga vimeadimika. Mwaka 1993 serikali yao iliwagawia watu wote vidonge vya vitamini, na idadi ya wagonjwa wapya ikashuka. Walipochunguza waliona tena kwamba wavuta tumbaku walipatwa zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo walijifunza mambo mawili kwa pamoja: upungufu wa vitamini hudhoofisha mshipa, na moshi huukuta mshipa dhaifu ukauangusha.

Hapa kwetu watu wengi hatuvuti sigara, hasa watoto. Lakini moshi tunao. Mwaka 2011 ulichapishwa uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam, ambao wagonjwa wa macho ya namna ile walilinganishwa na watu wazima wa afya. Mambo mawili yalionekana kuandamana na ugonjwa. La kwanza, upungufu wa vitamini iitwayo foleti katika damu. La pili, moshi wa kupikia ndani ya nyumba. Waliofanya kazi ile hawakusema kwamba mambo hayo mawili ndiyo sababu yote na kamili. Walisema kwamba ni hatari ziongezazo ugonjwa. Nasi twaliacha neno lao kama lilivyo, kwa kuwa karani mwaminifu haongezi neno katika taarifa ya mwenziwe. Hata hivyo kila mmoja wetu aijua nyumba ya chumba kimoja na ukumbi, Mbagala au Tandale, mvua ya masika inyeshapo, na jiko la mkaa limeingizwa ndani, mama na watoto wakikaa humo saa mbili nzima. Na kila mmoja wetu ajua sahani ya jioni: ugali mweupe mlima mzima, na mboga ya majani kijiko kimoja kandokando kama pambo. Moshi mwingi na majani machache: hatari zote mbili zimekaa katika chumba kimoja.

Sasa na tuseme kidogo vitamini ni nini. Chakula hutupa wanga na mafuta kwa nguvu, na nyama, samaki na maharage kwa kujenga mwili. Lakini kuna vitu vingine ambavyo mwili huvihitaji kwa kipimo kidogo mno, pengine chini ya uzito wa punje ya chumvi kwa siku moja, na visipokuwapo kazi ya mwili huharibika. Jina lake lilitungwa mwaka 1912 na mtaalamu mmoja wa Poland aitwaye Casimir Funk. Jina ni la juzi. Jambo lenyewe ni la zamani, na pwani yetu yalijua.

Mnamo Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilifika Mombasa, nyingine zikiwa na mabaharia wagonjwa. Walikuwa wamekaa baharini miezi mingi kwa biskuti kavu na nyama ya chumvi. Ufizi ukavimba, viungo vikauma. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea zawadi ya kondoo, machungwa, malimau na miwa, na wagonjwa wakapata nafuu. Waliporudi kutoka Bara Hindi wakivuka bahari kwa miezi mitatu, wakafa kiasi cha watu 30, na waliobaki wenye nguvu za kuvuta kamba walikuwa wachache katika kila merikebu. Walipotia nanga Malindi mwezi wa Januari 1499, kitu wagonjwa walichokitamani kuliko vyote kilikuwa machungwa. Leo twajua kwamba walikosa vitamini C. Wenyeji wa pwani hawakulijua jina hilo, lakini tunda walikuwa nalo uani.

Kisa cha pili chatuhusu zaidi, kwa kuwa kinahusu unga mweupe na mchele mweupe. Katika kisiwa cha Java, katika miaka ya 1890, daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akiuchunguza ugonjwa wa beriberi, ambao miguu hufa ganzi na moyo hushindwa. Aliona kwamba kuku wa hospitali waliolishwa wali mweupe uliokobolewa sana walianza kupepesuka na kuanguka; waliporudishiwa mchele wenye kumvi yake ya ndani wakapona. Kilichokuwa kinatupwa pamoja na pumba ndicho kilichokuwa kinashika uhai. Mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi ile. Twajiuliza basi: sisi tupelekapo mahindi mashineni, tukasema, "Tukobolee sembe, dona ni chakula cha shamba," tofauti yetu na yule aliyewalisha kuku wale ni nini? Kiini na ganda la punje, mlimo na vitamini nyingi za B, tumewaachia ng'ombe. Nasi tumelipa fedha ili tuwaachie.

Hatusemi kila alaye sembe atapofuka. Mwenye kula sembe pamoja na maharage, dagaa, mboga na matunda hupata kwingine alichokipoteza mashineni. Hatari humfika yule ambaye sembe ndiyo chakula na kitoweo ni cha kupitishia tonge. Tumbo lake limejaa na mwili wake una njaa, tena njaa isiyopiga kelele. Humwoni amekonda, pengine amenenepa. Huiona njaa hiyo siku macho yanaposhindwa kitabu.

Na tutazame siku ya karani wa Kinondoni. Asubuhi huondoka mapema kuwahi daladala, naye amekunywa chai ya rangi kwa maandazi mawili. Mchana, akiwa na fedha, hununua chipsi au wali. Akiwa hana, hununua soda na kitumbua. Jioni hurudi amechoka, hukuta ugali. Jumamosi hujifurahisha kwa chipsi mayai. Ukihesabu kwa juma zima, waona ngano, wali, viazi, mahindi na sukari, na majani pengine mara mbili. Hayo yote tumeyafanya sisi, kwa hiyo hatumnyoshei mtu kidole.

Dawa yake haiko mbali. Tandika iko sokoni, Tandale iko sokoni, na bei yake haimshindi mtu wa mshahara mdogo. Foleti imo katika mchicha, matembele, kunde, maharage, choroko, karanga, maini na machungwa. Vitamini A, ilindayo macho yasiingiwe na giza la usiku na kuzuia mwili kushindwa na surua, hupatikana kwa papai, embe, karoti, kisamvu, viazi vitamu vya rangi ya njano ndani, na mawese ya Kigoma. Vitamini C imo katika mapera, ambayo huyapita machungwa zaidi ya mara tatu, na katika ndimu, ubuyu na nyanya. Vitamini B12, ilindayo damu na mishipa ya fahamu, haipatikani katika majani kabisa. Hutoka kwa samaki, dagaa, mayai, maziwa na nyama. Kwa hiyo dagaa wa fungu dogo anayedharauliwa na wakubwa ana kazi ambayo mchicha hauiwezi, na mchicha una kazi ambayo dagaa haiwezi. Wawili hawa ni kama karani na tarishi: ofisi yataka wote.

Lakini kununua ni nusu ya kazi; kupika ni nusu ya pili. Mwatuwia radhi, mabibi, tukisema mambo ya jikoni. Twayasema kwa mabwana pia, kwa kuwa moto hauchagui mkono. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, si baada. Ichemshwe kwa maji machache na kwa dakika chache, wala yale maji yasimwagwe, maana foleti na vitamini C huyeyuka majini, na joto la muda mrefu huziharibu. Magadi yatiwayo katika maharage ili yaive upesi huiharibu vitamini B1, na yatiwapo katika mboga huharibu vitamini C. Afadhali maharage yalowekwe usiku kucha, nayo yataiva upesi bila magadi. Tui la nazi au mafuta kidogo katika kisamvu si anasa: vitamini A haisharabiwi vema na mwili pasipo mafuta, na bibi zetu wa Pwani walioikaanga mboga kwa tui walikuwa wakifanya sawasawa. Mwenye kupenda dona achague mahindi makavu yasiyo na ukungu, kwa kuwa ukungu una sumu yake. Na jiko la mkaa likae nje au penye upenyo wa hewa. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, wapangaji wakubaliane na mwenye nyumba kujenga kibanda cha jiko. Mabati manne ni gharama ndogo kuliko jicho moja.

Kuna jambo moja ambalo waume huona haya kulisema, nasi twalisema. Foleti ni ya lazima kwa mwanamke hata kabla hajajua kwamba amechukua mimba. Uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 za kwanza, wakati ambao mama pengine hajaona dalili. Foleti ikipungua, hatari huongezeka ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao hupatwa pia na kichwa maji. Mashauri ya waganga ni mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku kwa mwanamke awezaye kuchukua mimba, tangu kabla ya mimba na katika miezi mitatu ya kwanza. Basi asiyepeleka mkewe kliniki mpaka tumbo lionekane kwa majirani amechelewa. Na baba asidhani kwamba jambo hili si lake kwa kuwa hachukui mimba; yeye ndiye agawaye fedha ya soko.

Katika jambo hili Serikali imefanya sehemu yake, na ni haki kusema hivyo. Mwaka 2011 zilitungwa kanuni za kuongeza virutubishi katika vyakula vinavyotengenezwa viwandani: unga wa ngano na wa mahindi huongezwa madini ya chuma na ya zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, na mafuta ya kupikia huongezwa vitamini A. Kazi ilianza kwa nguvu mwaka 2013. Wataalamu walipima damu za wanawake wa Dar es Salaam kabla na baada ya unga wa ngano kuanza kuongezwa foleti. Mwanzoni wanawake karibu 27 katika kila 100 walikuwa na upungufu. Baada ya miezi sita walibaki kama 5. Chapati na maandazi yale yale tunayoyalaumu yalichukua dawa ndani yake bila mtu kusikia ladha. Lakini tusijisahau: mashine ndogo nyingi za mitaani zinazotusagia mahindi haziongezi kitu. Anunuaye unga wa pakiti atazame alama ya kuongezwa virutubishi. Asagishaye mtaani ajazilie kwa mboga. Kadhalika watoto wa kuanzia miezi sita hata miaka mitano hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Asiyewapeleka amekataa haki iliyokwisha lipiwa.

Sasa twafika upande wa pili wa jambo, ambao watu wengi hawautazamii. Akisikia mtu kwamba vitamini ni njema, hukimbilia kudhani kwamba nyingi ni njema zaidi. Nasi tulidhani hivyo. Mshahara mmoja ulipotoka, tukajiona wachovu, tukaingia duka la dawa tukanunua chupa ya vidonge vya rangi nzuri. Njiani tukakutana na mchuuzi, akatuuzia chupa ya pili kwa kutuapia kwamba yaongeza damu na nguvu. Tukameza zote mbili, asubuhi na jioni. Uchovu haukutoka, kwa kuwa ulitokana na kulala saa tano. Kilichobadilika ni mkojo, ukawa wa njano kali kama bizari. Tulipouliza kwa mganga alicheka, akasema: "Hiyo ni vitamini B2 iliyozidi, mwili umechukua haja yake, na fedha yako iliyobaki umeimwaga chooni." Mwezi ule nyumba yetu haikununua matunda, kwa kuwa fedha ya matunda ilikuwa chupani.

Hiyo ni hasara ya fedha tu. Kuna hasara kubwa zaidi. Vitamini B nyingi na vitamini C zikizidi hutoka kwa mkojo, lakini vitamini A na D hukaa mwilini, hujilundika na kudhuru. Vidonge vya vitamini A vikizidi huharibu ini, na kwa mwanamke mwenye mimba vyaweza kumlemaza mtoto tumboni. Papai na karoti hazina hatari hiyo, kwa kuwa mwili huzigeuza kwa kadiri ya haja yake. Hata vitamini B6, ambayo ni ya kulinda mishipa ya fahamu, ikimezwa kwa wingi kwa muda mrefu huiharibu mishipa hiyo hiyo, na miguu ikafa ganzi. Aliyekimbia ganzi kwa mlango wa mbele akakutana nayo kwa mlango wa nyuma.

Na jambo hili halikufundishwa ng'ambo peke yake. Limefundishwa hapa Dar es Salaam. Kuanzia mwaka 1995 wataalamu wa chuo cha uganga cha Muhimbili, pamoja na wenzao wa Harvard huko Marekani, waliwapa vitamini wanawake wajawazito 1,075 waliokuwa na virusi vya UKIMWI, wakati dawa za kupunguza makali ya virusi zilikuwa hazijawafikia watu wa hapa. Habari zilichapishwa mwaka 1998. Waliopewa mchanganyiko wa vitamini B, C na E walipungukiwa na vifo vya watoto tumboni kwa asilimia 39, na watoto wenye uzito mdogo walipungua kwa asilimia 44. Vitamini A peke yake haikuleta faida hiyo. Tena mwaka 2002 ilitangazwa kwamba iliongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto. Mnaona, mabwana? Kitu kile kile kiokoacho macho ya mtoto mwenye upungufu kilimdhuru mwingine, katika hali nyingine.

Baadaye wakawapima wagonjwa 3,418 wa mji huu waliokuwa wakianza kutumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Nusu walipewa vitamini kwa kipimo cha kawaida cha siku, na nusu kwa kipimo kikubwa mara kadhaa. Mwaka 2009 kazi ile ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Waliopewa kipimo kikubwa hawakuishi kuwazidi wenzao, na damu zao zilianza kuonyesha dalili za ini kusumbuliwa. Kipimo cha kawaida kilitosha. Haya yaliandikwa mwaka 2012, na waganga wa nchi nyingi wameyasoma.

Basi mji huu umeifundisha dunia somo lenye pande mbili. Vijana waliopoteza kuona kwa katikati walitufundisha hasara ya kupungukiwa, na wagonjwa wale wa kliniki walitufundisha hasara ya kuzidisha. Wote walilipa ada ya somo hilo kwa miili yao. Itakuwa aibu kwetu, tukaao mitaa ile ile na kujua kusoma, kama wageni watalijua somo hilo na sisi tusilijue. Kwa neno moja, somo lenyewe ni kipimo. Nasi makarani ndio watu wa kipimo: hatukubali hesabu ipungue senti moja, wala hatukubali izidi senti moja, maana zote mbili ni makosa. Kwa nini basi tukubali katika mwili tusilokubali katika daftari?

Bwana Mwenyekiti, kwa ruhusa yako twaomba mkutano ufikiri mambo manne.

Kwanza, mshahara utokapo, kila mwanachama atenge fedha ya mboga, matunda na dagaa kabla ya fedha ya soda na vocha, kama atengavyo kodi ya nyumba. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, mkutano wetu ukinunua viburudisho, yaletwe matunda ya msimu badala ya soda na biskuti. Chama kisifundishe kwa kinywa na kukanusha kwa sinia.

Tatu, mtoto ashikaye kitabu kwa kukigeuza pembeni, au asiyeweza kunakili ubaoni, asipigwe wala asiitwe mvivu. Apelekwe upesi kwa waganga wa macho, kabla mshipa haujafa. Vivyo hivyo mwanachama ambaye nyayo zake zafa ganzi asingoje likizo.

Nne, asiwepo mwanachama anunuaye vitamini za chupa kwa kusikia sifa za mchuuzi. Mgonjwa, mjamzito, mzee na mtoto hupimwa na kuandikiwa na mganga, naye huandika kipimo. Aliye mzima huandikiwa na soko.

Tunamaliza kwa kisa ambacho tuliosoma shule za misheni twakikumbuka, na ndugu zetu wa dini nyingine watatuwia radhi. Danieli na wenziwe watatu walikuwa vijana waliochaguliwa kufundishwa maandiko na lugha ili watumike katika nyumba ya mfalme wa Babeli. Yaani, kwa maneno yetu, walikuwa makarani wanafunzi. Walipangiwa chakula cha fahari cha meza ya mfalme. Wao wakaomba wajaribiwe siku kumi kwa chakula cha mimea na maji, kisha nyuso zao zitazamwe. Zilipotazamwa zilikuwa njema kuliko za wenzao. Danieli alifanya hivyo kwa ajili ya imani yake, wala hatumgeuzi kuwa mwalimu wa lishe. Lakini twapenda neno moja katika habari ile: hakumwomba msimamizi aamini tu, alimwomba ajaribu kwa siku za kuhesabika, kisha atazame.

Nasi twawaomba ninyi vivyo hivyo. Jaribuni mwezi mmoja, tangu mshahara hata mshahara, kisha tazameni watoto wenu na madaftari ya matumizi yenu. Yule kijana wa mtaa wetu hatuwezi kumrudishia macho. Lakini nyumbani kwa kila mmoja wetu kuna mtoto ambaye usiku huu atafunua kitabu chake chini ya taa, na maneno ya katikati bado yako mahali pake.